Hendeli ya Gari la Baba

Tarehe 9 Februari

Kwa mdogo wangu Nyigu,

Pokea salamu zangu. Zikifika zimechakaa kwa safari, zikung'ute vumbi tu, ndani ni nzima. Mimi sijambo. Kifua ndicho kinachokohoa, mwenyewe sikohoi. Shemeji yangu, wifi yako, mjane wa marehemu ndugu yetu wa kati, hajambo naye, anakusalimu, na ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Mwanao hajambo? Mwambie mjomba wake anamsalimu na aache kulala mchana.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mtu. Shule niliipita kwa nje nikienda gereji, hilo unalijua, lakini mtu aliyeshusha injini za malori peke yake hawezi kushindwa na herufi. Herufi haina hata boliti.

Sasa sikiliza. Ninalifufua gari la baba.

Usicheke. Najua umecheka. Mama mwenye nyumba amesema uwanja huu wa nyuma anautaka, mwanawe atajenga, na mwisho wa Oktoba kila kitu kiwe kimetoka. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, yule mwenye kofia ya sufu jua kali, akalizunguka gari akiligongagonga kama anayechagua tikiti. Akasema, "Mzee, hili litatoka hapa vipande vipande." Nikamwambia mbele ya watu, litatoka kwenye lango hili kwa miguu yake na kwa sauti yake. Watu wamesikia. Sasa siwezi kurudi nyuma, na hata ningeweza nisingerudi.

Shida unaijua. Wengine wakifiwa na baba hugawana shamba, sisi tuligawana gari mpaka nati. Tulivyobishana siku ile nani alichukue, baba mdogo akachoka kutusikiliza akasema leteni spana. Mimi mkubwa nikapata injini na mwili. Marehemu akapata magurudumu na taa. Wewe ukalia ukapata honi na hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini iwake. Nilisema mimi, mpeni hendeli, hana cha kuzungusha.

Basi naomba vyote viwili. Funga vizuri, mpe kondakta wa basi, mwambie ni mali ya fundi mkubwa.

Kaka yako Mkubwa


Tarehe 3 Machi

Kwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo kaka. Barua yako imefika ikiwa na alama ya dole la grisi kila ukurasa, nikajua kabla sijasoma kwamba u mzima. Hapa sote hatujambo. Mwanangu hajambo, salamu amezipokea. Mvua imenyesha vizuri, ukuta wa jikoni umekaa kidogo upande lakini haujaanguka. Macho yangu ni yale yale, ya mbali naona, ya karibu napapasa.

Nimecheka, ndiyo. Halafu nikakaa kwenye kiti nikaacha kucheka. Nilikumbuka lile turubai la juu lilivyokuwa linanuka likipata jua, na baba amevaa kanzu yake ya kazini, anaifuta taa ya shaba kwa mkono wa kanzu mama akimtazama dirishani. Yule tajiri wake wa kazini aliyemwachia gari alimwambia, "Chukua, halifai tena." Baba alilitumia miaka mingi hilo lisilofaa.

Ila kaka, tusidanganyane uzeeni. Unasema sikuwa na cha kuzungusha. Nani alikuwa analiwasha gari lile asubuhi? Ni mimi, nikiwa na gauni la shule. Wewe ulilipiga hendeli mara moja ukiwa kijana wa ndevu tatu, ukasahau kurudisha moto kwa ule mkono mdogo wa kwenye usukani, cheche ikawahi, ukaikumbatia hendeli kwa gumba kama unashika mchi, ikarudi nyuma ikakuvunja mkono. Baba hakukupa pole, alisema tu lile neno lake, "Gumba na wenzake." Mimi sikuwahi kulisahau. Wewe ulivaa bandeji ukawaambia watu umeanguka mtini.

Honi nimempa kondakta. Mpira wake umekauka, ukiuminya unatoa sauti kama mbuzi mwenye mafua.

Hendeli sijui niliiweka wapi. Nitaitafuta.

Mdogo wako, Nyigu


Tarehe 28 Machi

Kwa Nyigu,

Salamu zangu. Sisi wazima. Honi imefika na kondakta aliipiga njia nzima, abiria wamenisimulia. Mpira nimeutoa, nimeshona mwingine wa ngozi ya kiatu changu cha zamani, sasa inaita kama zamani. Paka wa jirani hajarudi.

Habari ya mti ni kweli. Nilianguka mtini. Mti ule ulikuwepo, na kama umekatwa si kosa langu.

Nimekwenda kwa shemeji kufuata taa na magurudumu. Nyigu, taa za baba, zile za shaba, moja ameweka chumvi na ya pili vifaranga wanainywea maji. Nikamwambia, shemeji, hizi ni taa za gari. Akasema, "Shemeji, mimi gari sijaliona tangu niolewe, ila chumvi naiona kila siku." Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nimempa redio yangu, naye kanipa taa zote mbili na magurudumu yote manne. Njiti za mbao za magurudumu ni nzima isipokuwa mbili, fundi seremala amezichonga. Zile mbili tu, na amezichonga kwa mbao ya kitanda cha baba, kwa hiyo ni za asili.

Nakwambia hivyo kwa sababu watu hawaelewi. Mkereza vyuma wa barabara ya pili amekuja kunishawishi. Anasema, "Mzee, leta kipimo, nikukerezee hendeli mpya kesho ukaichukue." Nimemwambia hendeli ya kukereza ni kama jino la bandia, linatafuna lakini halina mizizi. Ile ya baba jino lake moja amelipiga tupa yeye mwenyewe, kwa sababu ncha ya injini ilikuwa imelika upande. Zinajuana zile. Nyingine yoyote itateleza na kuila ile ncha iliyobaki, na hapo kwaheri.

Kwa hiyo usiniambie hujui ulipoiweka. Wewe ulikuwa ukikumbuka mpaka nani alikula kipande cha nyama cha nani. Itafute.

Kaka Mkubwa


Tarehe 10 Mei

Kwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Unisamehe kuchelewa, nilikuwa na mambo ya hapa nyumbani. Sote hatujambo. Wifi ameniandikia pia, anasema redio yako inashika stesheni moja tu nayo ni ya mahubiri, anataka taa yake moja irudi.

Nimefurahi kuhusu magurudumu. Mbao ya kitanda, kaka!

Hendeli nimeiona. Haikupotea. Ila siwezi kukutumia kwa sasa, ina kazi hapa.

Nakutumia badala yake kile kibati cha shaba chenye namba kilichokuwa mbele ya injini, hukumbuki kama kilikuwepo, kilijiangukia kwenye fungu langu. Na soksi mbili, kifua hakipendi miguu ya baridi.

Mdogo wako, Nyigu


Tarehe 2 Juni

Kwa Nyigu,

Salamu. Kibati nimekipiga msasa kinang'aa, watu wanakuja kujitazama. Soksi ni kubwa, nadhani ulimkumbuka marehemu.

Nina habari kubwa. Kabureta ya gari letu ilipasuka zamani, na mafundi wote wa mji huu wakasema kama hii huipati duniani wala ahera. Mimi nikasema ya ahera mniachie marehemu aitafute, ya duniani nitaipata. Nimekaa kwenye baiskeli ya seremala mpaka kwenye mashine ya kusaga iliyokufa, kule nje ya mji, kwa sababu niliwahi kuisikia ikifanya kazi miaka hiyo na nikajua sauti. Mtu husahau sura, sauti ya injini hasahau. Nikamwambia mwenye mashine, fungua. Akafungua. Injini ni ndugu tumbo moja na yetu, na kabureta imekaa pale imejaa unga mkavu kama mkate. Nimeisafisha kwa unyoya. Ni ya asili kabisa, imezaliwa kiwanda kimoja na ile yetu.

Wamebaki wachache wanaoweza kufanya hivyo. Sisemi kwamba nimebaki peke yangu, lakini nionyeshe wengine.

Sasa gari limesimama juu ya magurudumu yake, taa mbele, honi pembeni, turubai nimelishona na fundi cherehani wa hapa mbele. Linakosa kitu kimoja tu. Na unaniambia kina kazi. Kazi gani? Hendeli ina kazi moja hapa duniani. Unasongea ugali? Kama mwanao ameichukua kuchimbia mashimo, nitakuja kumchapa na uzee huu. Mpe aniandikie yeye, mbona hajawahi kuniandikia hata mstari?

Miezi inakwenda. Yule mwenye kofia ya sufu anapita kila Ijumaa, hasemi kitu, anatazama tu lango na kulipima kwa macho.

Kaka Mkubwa


Tarehe 21 Juni

Kwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Hatujambo. Kwa kweli umeniweza na habari ya unga, nimemsimulia jirani yangu muuza mkaa akacheka mpaka akakalia gunia.

Ugali sisongi kwa hendeli. Niachie kidogo, nitaona njia.

Unatumia dawa ya kifua au unaitazama tu?

Nyigu


Tarehe 30 Agosti

Kwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo kaka. Hii ni barua ya pili naandika bila jibu. Ya kwanza pengine imepotea. Wewe hukai kimya kiasi hiki. Wewe hata ukikasirika unaandika ili kunijulisha kwamba umekasirika. Nimemwuliza kondakta, anasema mlango wako aliuona wazi na gari limefunikwa. Kwa nini limefunikwa?

Kama ni hendeli imekuudhi, niambie umeudhika.

Mdogo wako


Tarehe 14 Septemba

Kwa mpendwa dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema ya afya. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kuwa mimi ni mzima na kazi inaendelea vizuri. Nilichelewa kukujibu kutokana na shughuli nyingi.

Anayeandika ni fundi cherehani, jirani yangu, kwa sababu mikono yangu ina grisi na sitaki kuchafua karatasi. Amesema mambo ya mwanzo hapo juu ndivyo barua zinavyoanza. Mimi nimemwambia wewe si ofisi, lakini kalamu ni yake.

Nyigu, nimepata muda wa kukaa kitandani nikafikiri. Nimesoma barua zako zote upya, yaani nimesomewa. Tangu mwanzo wa mwaka unaniambia sote hatujambo. Sote ni kina nani? Mwanao ninamsalimu na anapokea, lakini haulizi kitu, hatumi kitu, hana neno lake hata moja. Kijana asiye na neno ni bubu au hayupo. Tena ukuta wa jikoni umekaa upande tangu Machi na hakuna aliyeusimamisha. Na chuma kirefu kizito chenye kona mbili, mwanamke anayeishi na mwanawe mtu mzima anakitumia nini?

Nimejibu mwenyewe. Mimi ni fundi, kitu nikikikosa mahali pake naangalia kinashikilia nini mahali pengine.

Kaa nayo. Usinitumie. Mkereza vyuma nitampa kipimo.

Wako, Kaka Mkubwa

(Mama, huyu mzee amenikataza kuongeza neno, nami sijaongeza. Fundi cherehani.)


Tarehe 25 Septemba

Kwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo kaka.

Mwanangu alihamia kazini kwake mbali, mwaka wa pili huu. Si mtoto mbaya, huleta salamu na vitu. Sikukuambia kwa sababu ungesema ndiyo maana nilikwambia ukae karibu na ndugu zako, na ungesema kwa sauti kubwa. Mlango wa mbele kitasa chake kilikufa, fundi alikuja mara moja akakitazama akaenda kula, hajarudi. Usiku naipitisha hendeli kwenye pete mbili za mlango, ile kona yake inakaa barabara kama ilizaliwa kwa ajili hiyo. Nikiisikia imeingia, ndipo napata usingizi. Sijui ni chuma au ni baba. Basi umejua, na kweli umekuwa fundi.

Sasa ni zamu yangu. Kaka, nimekujua tangu sijaota meno. Hujawahi kuosha mikono kabla ya kuandika, kula, wala kushika mtoto wa watu. Leo grisi imekuwa haya? Tena umesema umekaa kitandani. Wewe hata ulipokuwa na malaria ulilala chini ya lori ukafunga boliti. Na umekubali hendeli ya kukereza. Hapo ndipo nilipoogopa, nikaiweka barua chini.

Mkono gani?

Niandikie wewe. Ikiwa ni mstari mmoja, mstari mmoja.

Nyigu


Tarehe 8 Oktoba

Nyigu

Wa kulia. Na mguu kidogo. Ilikuwa Julai asubuhi nafunga nati ya mwisho. Spana ilianguka nikaona mkono hauitafuti.

Naandika kwa kushoto. Herufi zimelala lakini ni zangu.

Daktari amesema nifanye mazoezi ya kufinya mpira. Nafinya wa honi.

Mkereza vyuma sijampa kipimo. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake nikarudi.

Gari liko tayari. Hata hendeli ikija mimi siwezi kuizungusha. Sitaki seremala aizungushe wala mwenye kofia. Gari haliwajui.

Usitume hendeli. Njoo nayo.


Tarehe 17 Oktoba

Kwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama. Herufi zimelala, lakini nimezielewa kuliko zile zilizosimama za jirani yako.

Nakuja na basi la Jumamosi ya wiki ijayo. Muuza mkaa atalala barazani kwangu mpaka nirudi, na mbwa wake, ambaye mimi namwamini zaidi.

Ila nina masharti. La kwanza, wewe utakaa kwenye usukani, mkono wa moto utaurudisha kwa kushoto, na nikikuuliza kama umerudisha utajibu kwa mdomo, usinitikisie kichwa. La pili, lori la saruji linalokuja mpaka huko kwako hurudi huku tupu, nimekwisha kuzungumza na dereva wake. Gari likishatoka langoni litahitaji pa kulala. Hukuniandikia unalipeleka wapi, katika barua zote hizo. Umesema litatoka, hujasema linakwenda. Nami nina uwanja wa nyuma mkubwa hauna kitu, na ukuta wa jikoni unaotaka mtu wa kuukaripia.

Sikuombi uje kuishi kwangu. Naomba ulichunge gari.

La tatu nitalisema nikifika.

Nyigu


Tarehe 6 Novemba

Kwa Nyigu, huko kwenye chumba changu, kwa mkono wa dereva wa lori

Salamu zangu kutoka nyumbani kwako. Nimefika salama, gari limefika salama, tulikaa sote wawili, mimi na gari, nyuma ya lori kwa sababu sikukubali lisafiri peke yake. Dereva alisema mbele kuna kiti kizuri. Nikamwambia kakalie wewe. Seremala alinifunga blanketi kama mzigo, kwa hiyo usinilaumu.

Muuza mkaa hajambo. Mbwa amelikubali gari, analala chini yake. Ukuta wa jikoni nimeukaripia, kesho nitauwekea mti wa kuuegemeza, muuza mkaa atashika mimi nitaelekeza. Kitasa nimekifungua, ni springi tu imekatika. Nikipata nyingine ya asili nitaiweka. Usiniharakishe.

Majirani zako wamekuja wote kutazama. Wanauliza imekuwaje, na mimi siwezi kuwanyima watu habari. Nakuandikia ninavyosimulia, ili ukija tusipishane.

Nawaambia palikuwa na watu tangu lango mpaka duka la pembeni. Mwenye kofia ya sufu yuko mbele na mikono mfukoni. Mimi nimekaa juu kwenye usukani, nimevaa koti. Dada yangu ametoka ndani ya nyumba ana hendeli begani kama askari. Watu wakacheka, kwamba huyu mama. Akaiingiza. Jino likashika, nilisikia mimi kutoka juu, klaki, kama ufunguo kwao. Akaniuliza umerudisha moto. Nikajibu nimerudisha. Akaniuliza tena. Nikajibu. Akaniuliza mara nyingine, nikamwambia mwanamke, zungusha. Hapo watu hawakucheka tena maana walimwona alivyoshika. Gumba limelala upande mmoja na wenzake, bega limeshuka, anavuta juu badala ya kusukuma chini. Mara ya kwanza likapiga chafya. Mara ya pili hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu, ikamchomoka mkononi safi, na vidole vyote vikabaki salama, nami nilikuwa nimefumba macho. Hilo la macho siwaambii. Mara ya tatu baba akakohoa. Nasema baba kwa sababu ndivyo alivyokuwa akikohoa asubuhi, nawe ulisimama hapo mbele umeshika mdomo, usikatae, nilikuona kupitia moshi.

Halafu likatoka. Uliparamia ukakaa, ukaushika usukani upande wangu wa kulia nami kushoto, tukavuka lango kwa miguu yake na kwa sauti yake kama nilivyosema. Likazimika mbele ya lori lenyewe. Wengine wanasema liliishiwa mafuta. Mimi nawaambia lilijua limefika. Aliyekuja kwanza kulisukuma kwenye mbao lipande lori ni mwenye kofia, na kofia alikuwa ameivua.

Sasa majirani wananiuliza, huyo mama kajifunzia wapi kupiga hendeli namna hiyo? Nawaambia hakuna mtu aliyebaki anayeweza gari lile ila yeye. Wala mimi siliwezi, na nilipojaribu ujanani lilinivunja mkono. Ndiyo, nimewaambia. Mti nimeutoa kwenye hadithi. Ila nimewaambia pia kwamba siku tulipogawana mimi ndiye niliyesema hendeli apewe yeye, na hilo ni kweli, na unaona sasa nilikuwa na akili.

Ukimaliza kufunga vitu vyangu usikae sana huko. Mrudishie mama mwenye nyumba ufunguo, mpe shemeji taa moja kama bado analia, nimefikiri, gari la nyumbani linatosha taa moja. Sharti lako la tatu hukulisema. Ulisema utalisema ukifika, ukafika ukalia, ukasahau. Mimi sijasahau, nangoja.

Mchana hendeli naiweka kwenye gari, mahali pake. Jioni naichomoa, napapasa mpaka mlangoni, naipitisha kwenye pete zako mbili kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nauweka juu yake usaidie. Jana kidole cha mwisho kilishika kidogo. Kimoja tu, lakini gumba lilikuwa pamoja nacho.

Ukifika usigonge, hapa watoto hugonga wakakimbia. Sema tu lile neno la baba, nitakufungulia.

Kaka yako Mkubwa